Sifa za Makadirio ya Awali

Wamesifiwa wengi wasiostahili, na wametungiwa kasida watu ambao lau wangekuwa jirani zetu tungehama mtaa. Walakini katika kusoma kwangu kote sijakutana na mtunzi hata mmoja aliyeshika kalamu kwa taadhima ili ayasifu Makadirio ya Awali, yaani ile karatasi, aghalabu nyembamba, ambayo hutangulia kila jambo kubwa la serikali na kunong'ona kwamba jambo hilo litagharimu kiasi fulani na litakwisha mwaka fulani. Dhuluma hii imedumu vya kutosha. Mimi ambaye riziki yangu, kwa sehemu kubwa ya umri, imetoka katika kupiga hesabu za bei kwenye karakana za vyuma za Birmingham, na ambaye sijapata kuudhiwa na jirani, mkwe wala jino kwa kadiri nilivyoudhiwa na karatasi hiyo, najiona nina haki, na pengine faradhi, ya kuilipa fadhila zake.

Na kwa kuwa Makadirio ya Awali hung'ara zaidi yanapokuwa ya manowari, nitaanza na manowari, wala asishangae msomaji kwamba sifa za chombo cha vita zinatoka katika mji usio na bahari. Birmingham imekaa kitovuni mwa Uingereza, mbali na kila pwani, na maji yake ni ya mifereji iliyochimbwa ili kuchukulia makaa, ambamo bata huogelea kwa tahadhari. Lakini ni mji uliowafaa mabaharia na wachuuzi kuliko miji mingi yenye bandari. Ubavuni mwake, Smethwick, kiwanda cha Chance Brothers kilitengeneza vioo vya minara ya taa vilivyowaonya manahodha wasipande miamba. Na hapo hapo Smethwick, katika kiwanda cha Soho kilichoasisiwa na Boulton na Watt, kampuni ya Avery iliunda mizani zilizosambaa duniani, hata huko pwani kwetu mtu akipimiwa ratili ya sukari alikuwa akilitazama jina hilo huku akiomba Mungu muuzaji asiegemeze kidole. Basi mji huo ulioupa ulimwengu nyenzo za kuona mwamba na za kupima ratili, serikali imeona vyema kuutunukia manowari ambayo mwamba wake haukuonekana na bei yake haikupimika.

Manowari hiyo itaitwa HMS Birmingham, nayo si ya kwanza kubeba jina hilo. Ile ya mwanzo iliwekewa mkuku mwaka 1912, ikashushwa majini 1913, ikaingia kazini mapema 1914, na ilipofika mwezi Agosti wa mwaka huo huo ilikuwa imekwisha igonga na kuizamisha nyambizi U-15, nyambizi ya kwanza ya Kijerumani kuzamishwa na manowari ya adui. Hiyo ni pupa isiyo na murua. Chombo kuanzwa, kumalizwa na kuzamisha adui ndani ya muda ambao leo usingetosha kuteua kamati ya kuandika hadidu za rejea, ni jambo ambalo sisi wa zama hizi za ustaarabu tunapaswa kulisoma kwa aibu. Hii ya sasa inakwenda kwa mwendo wa watu wenye heshima zao: fikra ya kuwa na manowari mpya ilikwisha zungumzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, chuma cha kwanza cha HMS Birmingham kikakatwa huko Govan, mjini Glasgow, mwezi Aprili 2023, nayo ni ya nne katika manowari nane za aina inayoitwa Type 26, ambazo hadi niandikapo haya hata moja haijaingia kazini.

Sasa nije kwenye fadhila kuu ya Makadirio ya Awali, ambayo kwayo naomba nipewe wasaa, nayo ni unyenyekevu. Mwanadamu akipewa nafasi ya kujieleza hujikuza. Makadirio ya Awali hujipunguza. Mwaka 2010, serikali ilipotoa mkataba wa paundi milioni 127 kwa ajili ya michoro tu ya manowari hizi, iliripotiwa kwamba kila moja ingejengwa kwa bei iliyo kati ya paundi milioni 250 na milioni 350, kwani milioni 500 zilizokuwa zikitajwa hapo kabla zilionekana kuwa ni majivuno. Itazameni adabu hiyo! Ni adabu ya mgeni abishaye hodi magharibi, ameshika kifurushi kimoja, asiyeomba chumba wala chakula ila jamvi tu la kulalia barazani. Na mwenyeji, aliyelainika moyo kwa uchache wa haja zake, anapomkaribisha na kumfungia mlango, ndipo asubuhi inapodhihirika kwamba mgeni ana mke, na mke ana mama, na huyo mama hali ila kuku, na nje ya ua wamesimama watoto wanaosubiri baba yao awaite ndani kwa majina. Wa kwanza anaitwa Rada. Wa pili anaitwa Banda la Helikopta, mtoto mwenye mwili, asiyepita mlangoni mpaka ukuta ubomolewe. Wa tatu ni Mfumuko wa Bei, ambaye ingawa kila mtu alijua amezaliwa, baba yake hakumtaja kwa kuchelea kuonekana anajivunia uzazi. Wa nne, Giaboksi, amekawia njiani, na kwa ajili yake nyumba nzima haiwezi kuketi kula. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; lakini huyu, ukimwendea siku ya tatu na shauri la jembe, atakujibu kwa upole kwamba jembe amekwisha kuliweka rehani, na kwamba hati ya rehani umeitia sahihi wewe mwenyewe.

Hayo ya watoto si porojo. Mkataba wa manowari tatu za mwanzo ulipotiwa sahihi mwaka 2017 ulikuwa wa paundi bilioni 3.7, yaani zaidi ya bilioni 1.2 kwa kila moja. Na mwezi Novemba 2022 Bunge likaarifiwa kwamba ile ya kwanza kabisa, HMS Glasgow, haitakuwa tayari Oktoba 2027 bali Oktoba 2028, na kwamba ziongezwe paundi milioni 233, na miongoni mwa sababu ni huyo Giaboksi aliyekawia. Lakini msidhani kwamba bei ilipopanda unyenyekevu ulikufa. La, ulihamia upande wa pili wa daftari: manowari zilizokusudiwa zilikuwa 13, na ilipofika 2015 zikawa 8. Kadiri thamani ya kila moja ilivyotukuka, ndivyo idadi yake ilivyojishusha, na nakisi hiyo ikatangazwa kwa nyuso za watu waliopata faida. Nisiwe mchoyo wa insafu: manowari tano za kundi la pili, ambazo HMS Birmingham ndiyo kifungua mimba wao, ziliagizwa 2022 kwa paundi bilioni 4.2, na ukigawanya utaona kila moja imeshuka chini ya zile za mwanzo, kwa kuwa mafundi wakirudia kazi huijua. Mafundi wa mto Clyde, huko Glasgow, sina neno nao. Sijapata kusikia fundi aliyekata bamba kwa kufuata mchoro akalaumiwa kuwa ndiye aliyechora.

Kadhalika Makadirio haya ni msafiri hodari, na mimi niliyevuka bahari mbili kuja kukaa kwenye baridi hii navua kofia, kwa maana sijaona mhamiaji aliyestawi ugenini kwa kadiri hiyo. Mchoro huo huo wa Type 26 ulichaguliwa na Kanada kwa manowari zake 15 za kujengwa Halifax, na Makadirio ya Awali ya huko, yaliyofika kwa unyenyekevu wa kawaida, yalikuwa dola za Kanada bilioni 26.2. Ofisa wa Bajeti wa Bunge lao, mtu ambaye kazi yake ni kuharibu furaha, akakadiria upya mwaka 2017 na kupata bilioni 61.8, mwaka 2021 akapata 77.3, mwaka 2022 akapata 84.5, na aliposhawishika kuhesabu pia matumizi ya manowari hizo umri wao wote, mafuta na matengenezo na mabaharia wake, akafika bilioni 306. Hapo ndipo utakapoona hekima ya kutomkaribisha mtu wa namna hiyo kwenye kikao cha kwanza. Wizara ikashikilia hesabu yake iliyo ndogo zaidi, na mabaharia wakashikilia meli zao za aina ya Halifax zilizoingia kazini miaka ya 1990. Huko Australia, ambako mchoro huo huo ulihamia pia, manowari 9 zilinyenyekea zikawa 6 mwaka 2024. Na Norway mwezi Agosti 2025 ikachagua kununua angalau tano, kwa makubaliano ya paundi bilioni 10, na kwa sababu haiwezi kungoja zamu, ikapewa nafasi ndani ya foleni ya wenye mali.

Fadhila nyingine nitazipitia kwa haraka, kwani ni nyingi na kurasa ni chache. Makadirio ya Awali hupatanisha mahasimu, maana chama kinachotawala huyatumia kuanzisha jambo na chama pinzani huyatumia kulilaani, na wakipeana zamu za kutawala hubadilishana hotuba bila ya gharama mpya. Hulisha wakaguzi, washauri waelekezi na waandishi wa magazeti. Ni mepesi kubeba. Hayazeeki, kwa sababu hakuna ayasomaye tena.

Watu wetu wa pwani wasijione wameachwa nyuma katika baraka hizi, ingawa ni kweli tulichelewa kuzipata. Sayyid Barghash wa Unguja, baada ya kimbunga cha 1872 kumvunjia merikebu zake, alipata marikebu iliyoundwa huko huko kwenye mto Clyde kwa mfano wa manowari ya Kiingereza, HMS Glasgow ya zama hizo, naye akaiita Glasgow. Marikebu ikafika 1878. Sultani akaitazama, haikumpendeza, akaiacha itie nanga mbele ya mji, nayo ikakaa hapo mpaka asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoizamisha katika vita ambavyo havikutimiza saa moja; milingoti yake ikabaki imetokeza juu ya maji ya bandari hadi 1912. Msomaji mwepesi atasema huo ni msiba, na ni msiba. Lakini kwa upande wa ununuzi ulikuwa ushamba mtupu: mtu kaagiza, kaletewa, kalipa, kakasirika, na hapana kamati.

Serikali ya Kenya ndiyo iliyotutoa katika ushamba huo. Mwaka 2003 ilitia sahihi mkataba wa meli moja ya wanamaji, wa zaidi ya shilingi bilioni 4, ijengwe Uhispania. Meli ikajengwa, ikaelea, ikapewa jina la KNS Jasiri. Kisha mkataba wake ukajikuta katika orodha ya mikataba ya ile kashfa ya Anglo Leasing, malipo yakasimamishwa, wanasheria wakaitwa, na Jasiri, mwenye jina la mtu asiyeogopa bahari, akakaa miaka amefungwa kamba kwenye bandari ya Kihispania akingoja waungwana wamalize maneno. Alifika Mombasa 2012. Wapo waliosema afadhali kachelewa kuliko kukosa, na hao nawaomba wakae kiti cha mbele, kwa sababu ndio wasikilizaji ambao Makadirio ya Awali yalikuwa yakiwatafuta.

Na kwa kuwa nimetaja riziki yangu, haitakuwa insafu nikisifu bila ya kueleza nilivyojua ninayoyajua. Palikuwa na mteja mmoja, ambaye sitamtaja, aliyetaka bushi za shaba kwa mitambo fulani, nyingi, za vipimo vigumu, na karakana yetu ikaalikwa kuleta bei. Nikaketi na bei ya shaba ya wiki ile, na saa za mashine, na saa za watu, na zile ambazo huharibika kwa sababu fundi ni binadamu, nikajumlisha, nikampelekea mkubwa wangu. Akasoma, akacheka kwa huruma, akasema: "Bei hii ni ya kweli, kwa hiyo haitatufaa." Nikakataa kuipunguza, tukaipeleka kama ilivyo, tukakosa kazi. Akaipata mwingine kwa chini ya nusu. Muda ukapita, mteja akarudi kwetu akiwa na masanduku ya bushi zisizoingia mahali pake, akiomba tuzinusuru, na alikuwa amekwisha kulipa zaidi ya bei yangu. Nikamwonyesha karatasi yangu ya zamani. Akanijibu, bila ya haya hata kidogo, kwamba angeipeleka bei ile kwa wakubwa wake wakati ule, wasingeidhinisha kitu.

Alijua! Alijua siku ya kwanza, na aliyempa bei ya nusu alijua, na mkubwa wangu alijua, na kijana aliyeleta chai nadhani alijua. Nimechoka kuambiwa kuwa makadirio yalikosea. Hesabu ikikosea, hukosea huku na huku. Leo hupungua, kesho huzidi. Hii inayokosea upande mmoja tu, miaka yote, katika nchi zote, kwa manowari na kwa reli na kwa bushi, ni hesabu iliyotumwa, na mtumwa hachapwi kwa maneno ya bwana wake. Karatasi maskini imesimama kizimbani kwa zamu ya watu wenye suti.

Samahani, nilikuwa nikisifu.

Basi tuwasifu na hao mabwana, kwa kuwa hakuna fadhila ya mtumishi isiyorejea kwa aliyemtuma. Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge la Uingereza iliandika mwaka 2021 kwamba utaratibu wa Wizara ya Ulinzi wa kununua zana kubwa umevunjika. Ofisi ya Ukaguzi, mwezi Desemba 2023, ikaonyesha kuwa mpango wa zana wa miaka kumi umepungukiwa na paundi bilioni 16.9. Maneno hayo ni mazito, na yalipokewa kwa uzito, na wizara ikashukuru. Lakini ashukuriwe nani hasa? Tangu Mei 2010, mwaka wa ile bei ya adabu, mpaka 2024, kiti cha Waziri wa Ulinzi kilikaliwa na watu wanane: Fox, Hammond, Fallon, Williamson, Mordaunt, Wallace, Shapps na Healey. Mawaziri wanane kwa manowari nane, kila moja na wake, na wote hao walimaliza au walianza zamu zao kabla manowari hata moja haijakabidhiwa. Hammond alitoka hapo akafika Hazina, akawa mshika mfuko wa nchi nzima. Simshutumu mtu mmoja mmoja, na ukimuuliza yeyote kati yao atakuambia, kwa ukweli mtupu, kwamba sahihi ya kwanza haikuwa yake na ya mwisho haitakuwa yake. Huo ndio uzuri wa chombo kinachojengwa kwa umri wa mtu: hakina baba ila siku ya arusi.

Na Birmingham yenyewe, mji wa mizani, haikungoja manowari ifike ndipo ijifunze. Baraza la Jiji liliamua kubadilisha mfumo wa kompyuta wa kuwekea hesabu zake, na Makadirio ya Awali yakasema takriban paundi milioni 19 au 20. Mfumo ukawashwa Aprili 2022, hesabu zikapotelea ndani yake, na ilipofika 2023 gharama ilikuwa ikitazamiwa kufika milioni 100. Tarehe 5 Septemba mwaka huo Baraza likatoa hati ya kutangaza kwamba halina uwezo wa kutimiza matumizi yake, na sababu kubwa iliyotajwa haikuwa kompyuta bali deni la wanawake, wafagiaji na walezi na wapishi, ambao kwa miaka walilipwa chini ya wanaume kwa kazi ya thamani moja. Deni hilo likakadiriwa kuwa kati ya paundi milioni 650 na 760.

Namwomba msomaji arudie kusoma tarakimu hizo, kwa sababu mimi nilipozisoma mara ya kwanza nilidhani macho yamenichezea. Hapa, kwa mara moja tu katika taarikhi yote niliyoisimulia, Makadirio ya Awali yalisimama wima, kifua mbele, yakajikuza. Na baadhi ya wasomi wa hesabu wamekwisha bisha kwamba yalikuzwa mno. Manowari ilipotakiwa, yaliinama. Kompyuta ilipotakiwa, yaliinama. Mama mpishi alipodai mshahara wake wa haki, yakawa marefu kama mnara, ili kivuli chake kimfike kila mkaazi wa jiji, na kila mkaazi ajue ni nani aliyemfilisi.

Kodi ya jiji ikapandishwa karibu asilimia 10 mwaka 2024, na asilimia 7.5 mwaka uliofuata, mwaka ambao wazoa taka nao waligoma kwa sababu ya kupunguziwa ujira, na panya wa Small Heath na Sparkbrook wakaishi kama masultani. Serikali kuu, kwa huruma yake, ilikuwa imekwisha leta makamishna wa kulisimamia Baraza lisirudie makosa. Nao ni watu wazoefu, na wanastahili ujira wao, ambao kwa mujibu wa utaratibu hulipwa na jiji lile lile lililotangaza kwamba limeishiwa. Makadirio ya awali ya ujira huo nimeyatafuta sana, maana nilitaka kuyasifu pia.